Mapango ya Kanheri: mwongozo kamili wa kutembelea hekalu la kale la Wabuddha ndani ya jiji la Mumbai

Watu wengi wa kwetu wanaofika Mumbai hawaendi kutalii. Wamempeleka mgonjwa. Wanajua njia ya kutoka nyumba ya kupanga hadi hospitali, duka la dawa, mahali pa kubadilishia fedha, na mgahawa mmoja wenye wali usio na pilipili nyingi. Basi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mimi nilipomsindikiza mama mdogo. Siku ya tisa tuliambiwa kwamba majibu ya kipimo yangechukua siku tatu. Mama mdogo akanitazama nilivyojikunyata kwenye kiti pembeni ya kitanda chake, akasema, "Mwanangu, nenda ukatembee. Ukikaa hivi utakuwa mgonjwa wa pili." Binti yake alikuwepo wa kumwangalia, nikaondoka. Nilikwenda Kanheri, na kabla hatujarudi nyumbani nilikuwa nimekwenda mara tatu.

Mwongozo huu ni wa mtu kama mimi siku ile: una siku moja, una fedha kidogo, hujui Kihindi wala Kimarathi, na unataka kuona kitu kikubwa bila kulala nje ya jiji. Mapango mashuhuri kuliko yote ya Wabuddha wa India ni Ajanta, lakini yako mbali na Mumbai na yanataka safari ya siku mbili kwa uchache. Kisiwa cha Elephanta kiko karibu, ila hekalu lake kubwa ni la Kihindu, la mungu Shiva, na unavuka kwa boti. Kanheri unakwenda kwa treni ya mjini.

Unachokwenda kuona

Kanheri si mapango ya asili. Ni vyumba, kumbi, ngazi na mabirika yaliyochongwa kwa nyundo na patasi ndani ya mlima wa mwamba wa volkano. Kwa hesabu iliyozoeleka ni mapango 109. Ya kwanza yalichongwa karibu karne ya 1 kabla ya Kristo, na kazi na ibada ziliendelea hapo kwa takriban miaka elfu moja. Jina lenyewe limetokana na Krishnagiri, yaani mlima mweusi, na ukiufikia mvua ikiwa imetoka kunyesha utaona kwa nini.

Mapango mengi ni madogo: baraza, chumba kimoja au viwili, na kitanda cha jiwe ambacho mtawa alitandika mkeka wake. Ni makazi, na kwa istilahi yao huitwa vihara. Machache ni kumbi za ibada, ziitwazo chaitya, na ndani kabisa ya kila moja kuna stupa, jiwe kubwa la mviringo lenye umbo la kuba. Ukishika maneno hayo matatu, vihara, chaitya na stupa, unaweza kusoma mlima wote bila kiongozi.

Jambo moja zaidi ulibebe kichwani kabla ya viatu. Watawa wa Kibuddha wa mwanzo walikuwa watu wa kutembea, leo kijiji hiki, kesho kile, wakiomba chakula. Mvua zilipoanza, safari zilisimama. Kwa miezi mitatu walikaa mahali pamoja wakisoma na kutafakari, jambo ambalo Mwislamu wa pwani atalielewa haraka akiambiwa ni kama kukaa itikafu. Nyumba za mwambani ziliwafaa hasa kwa majira hayo. Kwa hiyo Kanheri ni nyumba ya mvua. Mimi nilikwenda mara ya kwanza nikitafuta sanamu, nikarudi nimechoka na picha nyingi zinazofanana. Mara ya pili nilifuata maji, na hapo ndipo mahali penyewe paliponifungukia. Nitakuonyesha namna ya kufanya hivyo.

Kuchagua siku

Usiende Jumatatu. Mapango yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Sanjay Gandhi, na hifadhi nzima hufungwa siku hiyo. Jumamosi na Jumapili ziache kama una siku nyingine, kwa sababu familia na wanafunzi wa jiji lenye mamilioni ya watu huja kupumulia hapo.

Masika ya Mumbai ni kuanzia Juni hadi Septemba, na mvua yake si ya mchezo. Upepo uletao mvua hiyo tunaujua: ni kusi yetu, ambayo ikivuka ikweta hupinda na kuipiga India ikitokea kusini-magharibi. Julai na Agosti maji hutiririka juu ya mapango na mlima hugeuka kijani, lakini jiwe linateleza kama sabuni na watu huumia. Novemba hadi Februari hewa ni kavu na nzuri. Aprili na Mei ni joto la kuunguza, na mwamba mweusi hulihifadhi joto hilo kama chungu. Ushauri wangu ni Oktoba kama unaweza kuchagua: mvua zimekwisha, ngazi zimekauka, na mabirika bado yana maji. Anayekwenda na mgonjwa hachagui mwezi, najua. Basi chagua saa. Geti la hifadhi hufunguliwa asubuhi, saa moja na nusu. Uwe pale mapema iwezekanavyo, na upange kuwa umeshuka kabla ya saa tisa alasiri.

Cha kubeba

Lita mbili za maji kwa mtu mmoja, kwenye chupa unayoweza kuitumia tena. Hifadhi inapiga vita plastiki, na kwa sisi tunaotoka Tanzania na Kenya, ambako mifuko ya plastiki imeshapigwa marufuku, hilo si geni. Chukua mfuko wa nguo. Chakula kifungie ndani ya begi lenye zipu na usikitoe ovyo. Tumbili wa Kanheri hawaogopi mtu, na mfuko unaoning'inia mkononi kwao ni mwaliko. Viatu viwe vya kamba na vyenye meno. Kandambili ziache nyumbani. Tochi ndogo itakusaidia kwenye vyumba vya ndani, au tumia ya simu. Noti ndogo ndogo za rupia ni muhimu kuliko kadi, maana wenyeji hulipana kwa simu na mgeni asiye na akaunti ya huko atakwama. Pasipoti yenyewe unaweza kuiacha mahali salama, lakini beba nakala yake, kwa kuwa kwenye tiketi kuna bei ya raia na bei ya mgeni.

Kufika Borivali

Hapa nitachukua muda, kwa sababu watu wengi huogopa treni za Mumbai kutokana na video za abiria wanaoning'inia milangoni. Woga huo una sababu, ila kwa safari hii unakwenda kinyume cha msongamano. Asubuhi umati unatoka kaskazini kushuka kusini kwenye maofisi. Wewe unapanda kaskazini. Mchana au alasiri wewe unarudi kusini, na umati wa jioni unakwenda kaskazini. Ukizingatia saa utapata hata kiti.

Reli unayoihitaji ni ya Magharibi, inayoanzia Churchgate. Kama umepanga maeneo ya Parel au Dadar, ambako familia nyingi za wagonjwa hukaa, pandia Dadar, lakini uliza upande wa Reli ya Magharibi, maana kituo hicho kina reli mbili tofauti. Nunua dirishani tiketi ya kwenda na kurudi Borivali. Nauli ya daraja la pili ni ndogo mno, safari moja haizidi bei ya chupa ya maji. Kwenye ubao wa taa tafuta herufi BO, ndiyo Borivali, na pembeni F kwa treni ya haraka au S kwa ile inayosimama kila kituo. Ya haraka kutoka Churchgate hutumia kama saa nzima.

Angalia unapanda behewa gani. Kuna mabehewa ya wanawake, na dada zangu mnaosafiri peke yenu, yapandeni hayo bila kusita. Kuna daraja la kwanza, lenye tiketi yake na faini yake kwa asiyekuwa nayo. Na kuna behewa dogo la watu wenye ulemavu na wagonjwa wa saratani. Hilo liache kama u mzima, ila likumbuke: siku utakayompeleka mgonjwa wako kliniki kwa treni, hapo ndipo mahali pake, na wengi wetu tunakaa Mumbai wiki nzima bila kuambiwa.

Wanaokaa Andheri wana njia nyepesi zaidi. Panda metro ya Njia ya 1 hadi kituo cha Western Express Highway, vuka kwa daraja la miguu hadi Gundavali, kisha chukua Njia ya 7 hadi Rashtriya Udyan. Jina hilo maana yake ni Hifadhi ya Taifa, na geti liko karibu.

Ukishuka na treni Borivali, tokea upande wa mashariki. Geti ni mwendo wa kama robo saa kwa miguu. Ukichoka, chukua bajaji; ziko zile zile nyeusi na njano, ila huko ukisema bajaji hawatakuelewa, wao husema riksha. Hakikisha mita imewashwa. Maneno yetu mengine yatakusaidia bila wewe kujua: gari ni gari, chai ni chai, na laki ni laki, maana tuliyachukua kwao au tuliyapata pamoja nao.

Kutoka getini hadi mapangoni

Hapa watu hupotea. Kuna malipo mawili. La kwanza ni kiingilio cha hifadhi, getini. La pili ni tiketi ya mapango, unayoilipia ukifika juu, kwa idara ya serikali inayotunza mambo ya kale. Mimi kama mgeni nililipa rupia 300 kwa tiketi hiyo ya pili. Raia wa India hulipa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, na watoto wasiofika miaka 15 huingia bure. Soma ubao kabla ya kutoa noti, kwa kuwa bei hubadilika.

Kutoka getini hadi mapangoni ni kilomita 6 hivi, barabara ya lami inayopanda ndani ya msitu. Kuna mabasi madogo ya hifadhi yanayosubiri yajae ndipo yaondoke. Panda basi. Ukifika asubuhi sana na basi halijajaa, vumilia. Kutembea kunawezekana, lakini kutakula nguvu unazozihitaji juu. Tena msitu huo una chui, wa kweli, wanaoishi ndani ya kilomita za mraba zipatazo 100 zilizozungukwa na maghorofa. Mchana watu hawawaoni, ila usiache barabara wala usikatize vichaka kufuata njia ya mkato.

Kupanda: mpangilio wa mapango

Kila pango limepewa namba. Usijaribu kuyamaliza yote 109. Ukiona vizuri manane, umeona Kanheri.

Anza na Pango la 1, ingawa wengi hulipita. Halikumalizika, na ndiyo faida yake. Mwamba umeachwa umekwaruzwa, na unaelewa kwamba hakuna kilichojengwa hapa. Kila kitu kilitolewa. Nguzo ni kile walichokibakiza. Kumbi kubwa za namna hii zilichongwa kuanzia darini kushuka chini, hivyo fundi akikosea juu hapakuwa na jiwe jingine la kuliweka mahali pake.

Kisha Pango la 3, ukumbi mkuu. Hapa kaa nusu saa. Ulichongwa karne ya 2, zama za mfalme Yajna Sri Satakarni wa ukoo wa Satavahana. Kabla ya kuingia, simama barazani na utazame kushoto na kulia: Buddha wawili waliosimama, kila mmoja na urefu wa kama mita 7, wakitazamana. Hao waliongezwa karne kadhaa baadaye. Kwenye ukuta wa mbele kuna wanaume na wanawake wawili wawili, wamevaa vilemba na mapambo, wanene wa afya, wanaotabasamu. Si miungu. Inaaminika ni mfano wa waliotoa fedha.

Ingia ndani. Ukumbi una urefu wa kama mita 26 na upana wa 12, na nguzo 34 zimeuzunguka. Hesabu zile zenye vichwa vilivyochongwa tembo na watu, halafu angalia nyingine: zimeachwa wazi, pembe nane tu, bila pambo lolote. Fedha ziliisha, au mafundi waliitwa kwingine, jiwe halisemi. Mwisho wa ukumbi ipo stupa. Ngoja macho yazoee giza. Dari limepinda kama tumbo la jahazi lililogeuzwa, nawe uko chini yake. Ukipata bahati ya kuwa peke yako, sema neno moja kwa sauti ya kawaida usikie linavyokaa hewani.

Wapwani, hapa nina jambo la kuwaambia. Maandishi yaliyochongwa Kanheri yanataja wafadhili kutoka miji kama Kalyan na Sopara, bandari za jirani. Kuna mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, uitwao Periplus ya Bahari ya Eritrea. Ndani yake miji hiyo miwili imetajwa, na ndani ya kitabu hicho hicho imetajwa Rhapta, bandari iliyokuwa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Siwezi kukuambia mtu wa Rhapta alikanyaga ukumbi huu. Lakini fedha zilizochonga nguzo hizi zilikuwa fedha za wafanyabiashara, na biashara ya bahari hii ilikwenda kwa kaskazi na kusi, pepo zile zile zilizoleta majahazi yetu. Niliketi kwenye ngazi za Pango la 3 nikiliwaza hilo, na kwa mara ya kwanza tangu tufike Mumbai sikujiona mgeni sana.

Ukitoka, panda hadi Pango la 11. Wenyeji huliita Darbar, kama baraza la mfalme, ila lilikuwa ukumbi wa mkutano. Sakafuni kuna mabenchi mawili marefu ya jiwe, mafupi kwa kimo, yanayokwenda sambamba kutoka mlangoni hadi ndani. Watawa walikaa kwa safu, pengine kusoma, pengine kula. Ni mojawapo ya sehemu ambazo mtoto akiingia hukaa bila kuambiwa.

Baada ya hapo fuata njia inayopanda kando ya bonde. Pango la 34 lina mabaki ya rangi darini: Buddha aliyechorwa lakini hakumalizika. Elekeza macho, si mwanga mkali. Pango la 41 lina Avalokiteshvara, mtakatifu wa huruma, mwenye vichwa kumi na moja. Sanamu ya namna hiyo ni adimu mno katika mapango ya India. Pango la 90 ni dogo na liko mbali kidogo, wengi hukata tamaa kabla ya kulifikia. Usikate tamaa. Humo amechongwa Avalokiteshvara tena, safari hii kazungukwa na picha ndogo ndogo za watu waliomo hatarini wakimwomba awaokoe, na hatari mojawapo ya jadi katika picha za aina hiyo ni chombo kuzama. Humo humo kuna maandishi ya Kipahlavi, lugha ya kale ya Uajemi, yaliyoachwa na Waparsi waliotembelea mwaka 1009 na mwaka 1021. Watalii wa miaka elfu moja iliyopita! Waliandika majina yao. Wewe usiandike lako.

Fuata maji

Sasa geuka, na unapoanza kushuka acha kutazama sanamu. Tazama chini.

Utaona mifereji myembamba iliyochongwa juu ya mwamba, upana wa kiganja au zaidi kidogo. Fuata mmoja kwa macho. Unapita juu ya paa la pango, unapinda kukwepa mlango ili maji yasimwagike barazani, unashuka pembeni na kuishia kwenye tundu la mraba sakafuni. Chini ya tundu hilo kuna birika lililochongwa ndani ya mwamba huo huo. Karibu kila nyumba ina la kwake, kando ya mlango. Maandishi ya hapo yanayataja mabirika haya kama zawadi: mfadhili hakutoa pango tu, alitoa pango na birika lake la maji ya kunywa, na yakaandikwa yote mawili.

Aliyewahi kutembea kwenye magofu ya Gede au Kilwa Kisiwani ataelewa mara moja. Msikiti wa kale wa pwani unautambua kwa birika lake. Jiwe likisimama mahali pasipo mto wa kudumu, kitu cha kwanza ni maji. Kanheri mvua ni miezi minne na ukame ni minane, na mamia ya watu waliishi juu ya mwamba mtupu. Bila mifereji ile, Buddha wa mita 7 asingekuwa na mtu wa kumtazama.

Fanya hivi: chagua pango moja dogo, lolote lisilo na umati. Panda ngazi zake. Kaa kwenye benchi la jiwe barazani. Angalia mlango wa birika, angalia kitanda ndani, angalia bonde mbele yako. Una nyumba nzima: pa kulala, pa kukaa, pa kunywa. Mimi nilikaa kwenye pango la namna hiyo karibu saa moja, nikiwa nimezima simu, na nadhani ndiyo saa niliyopumzika kweli kweli katika safari ile yote. Maji ya mabirika usiyanywe. Leo yana majani na viluwiluwi.

Kama bado una nguvu, tafuta ile baraza ndefu upande mwingine wa bonde, karibu na Pango la 87, yenye misingi ya stupa ndogo nyingi za matofali na mawe. Hayo ni makaburi. Watawa walioishi vyumbani kule juu walihifadhiwa majivu yao hapa. Pita kimya kimya kama unavyopita makaburini kwenu.

Adabu

Nimeulizwa na ndugu Waislamu na Wakristo kama ni vibaya kuingia. Kanheri leo ni mahali pa kale panapotunzwa na serikali. Kulipa tiketi na kutazama si kuabudu, na hakuna atakayekulazimisha kuinama. Lakini si gofu lisilo na mwenyewe. Mwaka 1956, tarehe 14 Oktoba, Dkt. B. R. Ambedkar aliingia dini ya Kibuddha mjini Nagpur pamoja na mamia ya maelfu ya watu waliokuwa wakidharauliwa kwa tabaka lao, na Maharashtra, jimbo ambalo Mumbai ni mji mkuu wake, ina Wabuddha wengi hadi leo. Utakuta familia imevaa nyeupe imesimama mbele ya stupa ya Pango la 3. Kwao hapo ni nyumbani.

Kwa hiyo: mabega na magoti yafunikwe, kofia uvue ndani ya ukumbi. Ukiona wenzako wamevua viatu, vua. Ukizunguka stupa, iweke upande wako wa kulia, yaani kinyume cha tawafu ya Makka. Usipande juu ya sanamu wala usimpakate Buddha kwa ajili ya picha. Watu wakiwa kwenye dua, simama nyuma wamalize. Wasichana wa huko na familia zao wakikuomba kupiga picha nawe kwa sababu ya rangi yako, na wataomba, kubali au kataa kwa tabasamu. Mara nyingi ni shauku tu, nami nilizungumza na watu wema kwa njia hiyo.

Na mgonjwa? Usimpandishe. Ngazi ni nyingi, zimelika, hazina vishikio sehemu kubwa. Mzee mwenye nguvu kiasi anaweza kufika Pango la 3 na kukaa kivulini barazani akusubiri, kwa kuwa liko chini karibu na lango.

Kurudi

Basi la kushuka nalo husubiri abiria, na jioni foleni huwa ndefu, hivyo ukiona saa nane unusu imefika anza kurudi langoni. Ukiwa na njaa, nje ya geti la hifadhi kuna vada pav, kiazi cha kukaanga ndani ya mkate na chatne, cha mboga tupu. Waombe wapunguze pilipili.

Kituoni Borivali chagua treni inayoanzia hapo hapo, si ile inayotoka Virar ikiwa tayari imejaa. Inaingia tupu, unakaa dirishani upande wa magharibi. Ukishapita saa kumi na moja jioni, usihangaike na upande wa pili wa jukwaa ambako treni zinamwaga watu. Kaa kwenye behewa lako hadi liondoke. Mimi mara ya pili nilifika hospitali saa kumi na mbili kasoro, vumbi jeusi la mwamba bado liko kwenye viatu. Mama mdogo alikuwa macho. Akataka nimweleze kila kitu, kuanzia birika la kwanza.